Kwa nini Kunio Maekawa alilivika zege lake vigae

Swali: Msomaji wa Tanga, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa usanifu majengo, ameandika: “Mwalimu, nimesoma kwamba Kunio Maekawa ni miongoni mwa waliopeleka Japani usanifu wa kisasa wa Le Corbusier, msanifu wa Paris. Majengo yake ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ni zege tupu, zito, lisilofichwa. Lakini picha za miaka ya 1970 zinaonyesha kuta za vigae vya rangi ya udongo, kana kwamba ni kazi ya mtu mwingine. Je, aliiacha imani yake? Na kama hakuiacha, ni nini kilichombadilisha?”

Jibu: Ndugu mwanafunzi, hakuiacha. Lakini jibu hilo halitakutosha mpaka tukubaliane kwanza imani yenyewe ilikuwa ipi, kwa sababu wengi wanaomwandika Maekawa huanza na sura ya zege lake, na aliyeanza na sura hana budi kuona usaliti pale sura inapobadilika. Ninavyomwelewa mimi, alichokishika tangu ujana wake mpaka alipofariki tarehe 26 Juni 1986 ni jambo jingine kabisa: kwamba jengo la kisasa halistahili jina hilo mpaka nchi inayolijenga iweze kulijenga vizuri kwa viwanda vyake, kwa mikono ya mafundi wake na chini ya mvua yake. Kigae, kama nitakavyokuonyesha, kilizaliwa ndani ya zege lenyewe.

Maekawa alizaliwa Niigata mwaka 1905, na mama yake alitoka katika ukoo wa samurai wa Hirosaki, mji wa kaskazini ambao tutaurudia. Alihitimu Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo tarehe 31 Machi 1928, na usiku wa siku ileile akaanza safari ya kwenda Paris, akikatiza Siberia kwa treni. Mjomba wake, Naotake Sato, alikuwa mwanadiplomasia huko, kwa hiyo kijana alikuwa na mwenyeji. Kwa miaka miwili alifanya kazi katika ofisi ya Le Corbusier, mtaa wa Sèvres namba 35, wakati michoro ya Villa Savoye, nyumba yake mashuhuri, ilipokuwa ikitengenezwa humo. Aliporudi nyumbani mwaka 1930 aliingia kwa Antonin Raymond, msanifu mzaliwa wa Bohemia aliyekuja Japani pamoja na msanifu Mmarekani Frank Lloyd Wright kwa ujenzi wa Hoteli ya Imperial. Raymond alikwisha kujijengea nyumba ya zege tupu jijini Tokyo mwaka 1924. Naomba ulikumbuke hilo, maana vitabu humsahau Raymond: Paris ilimpa Maekawa mawazo, lakini namna ya kuyamimina mawazo hayo katika zege na mafundi wa Kijapani alijifunza Tokyo, kwa miaka mitano.

Mwaka 1931 kulikuwa na mashindano ya kusanifu Makumbusho ya Kifalme ya Tokyo katika bustani ya Ueno. Masharti yalidai jengo lenye ladha ya Kijapani, na kila mshiriki alielewa maana yake: mwili wa zege na chuma, juu yake paa kubwa la hekalu. Maekawa alikuwa na miaka 26. Alipeleka jengo lenye paa bapa, lisilo na pambo hata moja, akijua fika kwamba litakataliwa, na lilikataliwa. Ushindi ulikwenda kwa Jin Watanabe, na jengo lake lililofunguliwa mwaka 1938 ndilo jengo kuu la Makumbusho ya Taifa ya Tokyo hadi leo. Watu hukisimulia kisa hiki kama kisa cha kijana shupavu. Mimi hukisoma kama hoja ya kiufundi. Paa la hekalu ni umbo lililozaliwa na mbao: mkunjo wake, kina cha upenu wake, namna uzito unavyoshuka kupitia viungio vya miti, vyote vina sababu katika mbao. Kuliiga kwa zege ni kulifanya zege liseme lugha isiyo yake, na hicho ndicho Maekawa alichokikataa.

Sasa tazama jengo lake la kwanza, maabara ya Kimura mjini Hirosaki, ya mwaka 1932. Picha zinaonyesha kijumba cheupe chenye paa bapa, mtoto halisi wa Paris. Lakini ukuta ule mweupe si zege. Ni jengo la mbao lililopigwa lipu. Na Hirosaki ni mji wa theluji nyingi, ambako paa bapa lisilo na upenu hubeba mzigo mkubwa kila mwaka. Silisemi hili kwa kumdharau. Nalisema kwa sababu aliyekataa kulivisha zege umbo la mbao alianza kazi kwa kuivisha mbao umbo la zege, na sidhani kwamba fundi makini kama yeye hakuliona hilo. Naamini pengo hilo kati ya sura ya kisasa na uwezo halisi wa ujenzi ndilo lililomtafuna maisha yake yote.

Alifungua ofisi yake mwenyewe mwaka 1935. Kenzo Tange, ambaye baadaye alipata umaarufu kuliko yeye, alianzia kazi humo. Kisha vita vikapanuka, chuma kikawa mali ya jeshi, na msanifu wa kisasa akabaki na mbao. Nyumba aliyojijengea Maekawa mwaka 1942 katika eneo la Shinagawa ilibanwa na sheria ya wakati wa vita isiyoruhusu nyumba kuzidi mita za mraba 100. Nje unaona paa kubwa la mgongo na nguzo ya mviringo katikati ya upande wa mbele, kama nyumba ya shamba. Ndani ni ukumbi mmoja wa kimo cha ghorofa mbili, wenye dari ndogo ya kupandia, ambao mwanafunzi yeyote wa Le Corbusier angeutambua mara moja. Nyumba hiyo ilivunjwa kwa uangalifu mwaka 1973, mbao zake zikahifadhiwa Karuizawa, na sasa imesimama tena katika makumbusho ya majengo ya wazi huko Koganei, magharibi mwa Tokyo. Ukiniuliza ni jengo gani dogo lake ninalolipenda, ni hilo. Haki yanidai niongeze kwamba miaka hiyohiyo ofisi yake ilifanya kazi Shanghai chini ya uvamizi wa Wajapani, na kwamba mwaka 1943, katika mashindano ya kituo cha utamaduni cha Kijapani mjini Bangkok, alipata nafasi ya pili, nyuma ya Tange, kwa mchoro uliofuata mtindo wa majumba ya kale ya Kijapani. Yule aliyekataa paa la hekalu mwaka 1931 alilegea mwaka 1943, na mwandishi anayemsifu bila kulitaja hilo hamtendei haki yeye wala msomaji.

Ofisi yake iliteketea katika mashambulizi ya ndege mwaka 1945, na nyumba ile ya mbao ikageuka kuwa ofisi. Humo ndimo ilimochorwa PREMOS, nyumba ya mbao ya kuunganisha vipande vilivyotengenezwa kiwandani. Jina lilikusanywa kutoka neno la Kiingereza lenye maana ya kutengeneza kabla, kisha herufi ya kwanza ya Maekawa, ya mhandisi Kaoru Ono, na ya kampuni ya San'in, iliyokuwa na kiwanda kilichobaki bila kazi baada ya vita. Zilitengenezwa takriban 1,000 kabla ya mradi kukoma mwaka 1951, na nyingi zilikwenda kwa wachimbaji wa makaa ya mawe. Kibiashara haikufaulu. Lakini tafakari juu ya mtu wa Paris, mwenye ndoto za zege, akiwa amezungukwa na jiji lililoungua, anakaa kuhesabu ni vipande vingapi vya ukuta vinaweza kupakiwa kwenye lori moja. Kwake huo ulikuwa usanifu wa kisasa kamili.

Kabla ya kulifikia zege unalolipenda, kuna jengo moja ambalo picha zako huenda zimeliruka. Benki ya Nihon Sogo ya mwaka 1952, jijini Tokyo, ilikuwa nyepesi: kiunzi cha chuma, zege jepesi, uso wa alumini na kioo. Maekawa aliamini wakati huo kwamba kazi ya usanifu wa Japani ni kupunguza uzito, kwa sababu kila kilo iliyoongezwa ni tishio la ziada siku ya tetemeko. Kwa hiyo zege zito si mwanzo wake, mwanafunzi wangu, ni katikati. Alilifikia kwa hesabu. Chuma kilikuwa ghali na mashine zilikuwa chache, lakini Japani ilikuwa na maseremala wasio na mfano, na zege tupu ni kazi ya seremala kabla ya kuwa kazi ya saruji: ukuta utakaouona mwisho ni chapa ya mbao za boksi ambamo zege lilimiminwa. Fundi aliyezoea kuunga nguzo za nyumba ya chai aliweza kupiga boksi lisilovuja hata tone. Zege tupu la Japani la miaka ya 1950 ni zuri kwa sababu hiyo, na hiyo ni sababu ya mahali na wakati.

Katika maktaba na ukumbi wa muziki wa mkoa wa Kanagawa, mjini Yokohama, mwaka 1954, zege bado ni jembamba, na maktaba imekingwa jua kwa ukuta wa matofali ya matundu ya udongo wa kuchoma. Wewe uliyekulia Tanga huhitaji kuelezwa kazi ya ukuta wa namna hiyo saa nane mchana. Miaka minne baadaye, katika jengo la makazi la Harumi lenye ghorofa kumi, kwenye ardhi laini iliyojazwa baharini Tokyo, zege limekuwa jitu: nguzo na mihimili mikubwa hubeba ghorofa tatu kwa pamoja, na lifti husimama kila baada ya ghorofa mbili. Ndani ya kiunzi hicho familia zililala juu ya mikeka ya tatami. Jengo lilibomolewa mwaka 1997.

Halafu ikaja Ueno. Mwaka 1959 jumba la makumbusho ya sanaa ya Magharibi lililochorwa na Le Corbusier lilikamilika katika bustani ileile alikoshindwa Maekawa mwaka 1931. Yeye, Junzo Sakakura na Takamasa Yosizaka, wote watatu wanafunzi wa mtaa wa Sèvres, ndio waliosimamia ujenzi. Mwaka 1961 Maekawa alikamilisha jengo lake mwenyewe mkabala wa lile la mwalimu wake: Tokyo Bunka Kaikan, lenye ukumbi mkubwa wa viti 2,303 na mdogo wa viti 649. Kutoka kituo cha treni cha Ueno unavuka barabara tu, na kitu cha kwanza unachokiona ni ukingo wa paa la zege uliojikunja kwenda juu, mnene, wenye kivuli kizito chini yake. Ukiingia ndani ukumbi wa kungojea hauna mwisho wa wazi; sakafu ya nje kana kwamba imeingia tu, vigae vya sakafuni vina rangi za majani yaliyoanguka, na juu taa ndogo zimetawanywa darini bila mpango, kama nyota. Katika ukumbi mkubwa mchongaji Ryokichi Mukai aliweka kutani maumbo ya mbao yanayofanana na mawingu au ndimi za moto, nayo hutawanya sauti. Naliona hili kuwa jengo kuu la maisha yake. Limejibu swali la mwaka 1931 bila kunakili paa la hekalu: upenu umerudi, lakini sasa ni upenu wa zege, wenye umbo ambalo zege lenyewe lingeweza kulitaka.

Tumefika kwenye swali lako. Mtu aliyefikia kilele hicho mwaka 1961, kwa nini ndani ya miaka michache aanze kulifunika zege?

Kwa sababu alirudi kuyatazama majengo yake. Zege tupu halina ngozi. Mvua ya Japani ni nyingi, ina msimu wake na dhoruba zake, na katika miaka ya ukuaji wa haraka wa uchumi ilishuka ikiwa imechanganyika na moshi wa viwanda na magari. Maji huacha michirizi myeusi kila yanapopita. Hewa nayo huingia polepole na kuuondoa ule ukali wa saruji unaozilinda nondo zisishike kutu. Kinga ikiisha, nondo huvimba kwa kutu na kulibandua zege kutoka ndani. Mwenye nyumba ya zege karibu na bahari, kwenu Tanga au Mombasa, analijua hilo kwa sababu ya chumvi. Tokyo walilijua kwa sababu nyingine, lakini kipande kinachoanguka ni kilekile. Tena sababu zilizolifanya zege tupu liwe zuri zilikuwa zikitoweka. Maseremala walipungua na ujira wao ukapanda. Zege likaanza kuletwa limeshachanganywa na kusukumwa kwa pampu, na zege la pampu huhitaji kuwa teketeke zaidi, na uteketeke mara nyingi maana yake ni maji mengi, na maji mengi maana yake ni zege lenye vinyweleo na nyufa. Hesabu ya mwaka 1955 haikutoka sawa tena.

Angeweza kubandika vigae, au tailizi kama wasemavyo mafundi wengi, kwa njia ya kawaida: zege likishakauka, unapaka saruji ya kushikia, kisha unabandika. Hakuikubali njia hiyo, na alikuwa na haki. Kigae, saruji ya kushikia na zege la nyuma hupanuka na kunywea kwa viwango tofauti jua linapowaka na usiku unapoingia, na baada ya miaka kigae hubanduka. Kutoka ghorofa ya nane kigae kilichobanduka ni silaha. Ndipo ofisi yake ikaendeleza njia ambayo Wajapani huiita uchikomi, ya kukitia kigae ndani ya zege kabla zege halijawa ukuta.

Nitakueleza hatua zake, kwa kuwa utazihitaji ukitaka kuyasoma majengo hayo. Kigae ni cha udongo uliochomwa kwa moto mkali hadi ukawa kama jiwe, kizito kuliko vya bafuni, chenye migongo nyuma, na kila kimoja kimetoka tanuri na rangi yake kidogo. Seremala hupiga boksi la upande wa nje kwanza. Kisha vigae hupangwa upande wa ndani wa mbao hizo, uso ukielekea mbao na mgongo ukielekea mahali zege litakapokuja, na hushikiliwa kwa misumari inayopita katika vitundu vidogo vilivyoachwa kwenye kigae. Nondo hufungwa, boksi la upande wa pili hufungwa, na zege humiminwa na kutetemeshwa mpaka lijaze migongo ile. Mbao zikiondolewa, ukuta hutoka ukiwa umekwisha kuvaa. Hakuna tabaka la kubandika, kwa hiyo hakuna la kubanduka. Vitundu vya misumari hubaki, na hakuvificha. Ukisogea karibu na ukuta wa Makumbusho ya Sanaa ya Jiji la Tokyo utaviona.

Kazi hii haina msamaha. Boksi likifunguliwa huwezi kusogeza kigae hata kidogo, kwa hiyo upana wa dirisha, kimo cha ghorofa na mahali pa kila kona lazima vigawanyike sawasawa kwa kipimo cha kigae tangu kwenye mchoro wa kwanza. Kigae ndicho kinachotawala jengo zima. Hapo ndipo ninapokataa neno “pambo” likitumiwa juu ya kazi hizi: pambo huongezwa baada ya jengo kwisha, lakini hiki huwekwa kabla ukuta haujakuwapo. Mwaka 1963 Shirikisho la Kimataifa la Wasanifu Majengo lilimpa Maekawa tuzo yenye jina la Auguste Perret, inayotolewa kwa ufundi unaotumika katika usanifu, na naona walimtambua kwa jina lake sahihi.

Saitama Kaikan, jumba la utamaduni la mwaka 1966, ilionyesha njia hiyo kwa mapana, na miaka ya 1970 makumbusho yakafuatana: Saitama mwaka 1971 katikati ya miti ya bustani ya Omiya, Tokyo mwaka 1975, Kumamoto mwaka 1976, na makumbusho ya sanaa ya Asia ya Mashariki mjini Köln, Ujerumani, mwaka 1977. Mpangilio nao ulilegea. Kuta zenye ngozi imara hazikuhitaji paa zito la kuzikinga, kwa hiyo majengo yakainama. Lile la Tokyo, lililoko Ueno kwa mara nyingine, limezamisha sehemu kubwa ya mwili wake chini ya ardhi ili lisiishinde miti. Mtu huingia kwa kuzunguka, anapita ua, anashuka ngazi, anageuka, na ndipo anapoukuta mlango.

Jengo moja la kipindi hicho lilimgharimu amani. Kampuni ya bima ya Tokyo Kaijo ilimtaka asanifu makao yake makuu Marunouchi, mbele ya handaki la maji la kasri la Mfalme, naye akapendekeza mnara wa ghorofa 30 wa mita 127 ili ardhi inayobaki chini iwe uwanja wa watu wote. Mwaka 1967 serikali ya jiji ilikataa kibali, na mabishano yakafika hadi kwa wanasiasa wakuu, kwa kuwa wengine waliona ni utovu wa adabu kulitazama kasri kutoka juu. Jengo lilikamilika mwaka 1974 likiwa na ghorofa 25 na kimo cha mita 99.7, madirisha yake yakiwa yamerudishwa nyuma ya nguzo zenye vigae vyekundu vya udongo. Wenye jengo walitangaza mwaka 2021 kwamba litabomolewa, na limebomolewa. Sioni haya kusema kwamba ninalililia.

Ukipata nafasi ya kusafiri na ukalazimika kuchagua mji mmoja, usianze na Tokyo, nenda Hirosaki. Kazi zake nane ziko huko, kuanzia maabara ya mwaka 1932 mpaka mahali pa kuchomea maiti pa mwaka 1983. Anza na maabara. Kisha simama mbele ya ofisi za mji za mwaka 1958, mkabala wa lango kuu la ngome, utazame penu zake ndefu za zege, uone kwamba amekwisha kujifunza theluji. Ingia katika bustani ya ngome hiyo. Ukumbi wa wananchi wa mwaka 1964 ni zege tupu, na ukiweka kiganja juu ya ukuta wake utahisi mishipa ya mbao za boksi. Makumbusho ya mji ya mwaka 1976, hatua chache kutoka hapo, ni ya vigae. Usiyapige picha kwanza. Nenda kwenye kona ya kila moja, mahali pande mbili za ukuta zinapokutana, uchunguze ni fundi gani aliyeamua kona hiyo iweje: seremala wa boksi, au yule aliyepanga vigae kabla zege halijamiminwa.